Mzigo wa Shemeji

Simu ya meneja ilinikuta juu ya ngazi, nikifunga taa kwenye duka la dawa. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, na mwenye duka alikuwa ananiharakisha afunge aende kwake.

"Fundi, shemeji yako hajatokea tena," meneja alisema. "Njoo umshikie zamu jioni hii mpaka nipate mtu. Kazi yenyewe ni kukaa tu. Usiguse kitu."

"Bosi, fundi wa kukaa tu si ndiye mlinzi huyo?"

Nilikuwa natania. Hakucheka.

"Kaa tu. Na chumba cha betri kina kufuli langu. Hakikuhusu."

Shemeji ninayemsema ni mume wa mdogo wangu wa kike. Mtaani walimwita Tangi, maana alikuwa na mwili wa mtu anayepita mlangoni kwa kuomba ruhusa. Kazi yake ilikuwa kuangalia umeme kwenye jengo la mashine. Ni jengo lisilo na madirisha. Ndani kuna safu za makabati ya chuma, na ndani ya kila kabati seva, zile kompyuta zisizo na skrini, zimepangwa moja juu ya nyingine kama trei za mayai. Ukituma picha kwa simu, ukihamisha hela, ukitafuta matokeo ya mtihani ya mwanao, kuna kabati mahali fulani linakufanyia hiyo kazi. Na seva hazijui kulala. Umeme ukizikatikia kwa kufumba na kufumbua tu, lawama zinaanza kumiminika.

Kwa hiyo majengo ya namna ile hayategemei mguu mmoja. Kuna umeme wa mji. Ukikatika, betri zinadaka. Betri zikishadaka, jenereta linawaka na kuzipokea mzigo. Tangi aliisimamia miguu yote hiyo peke yake, na meneja alijisifu kwa wateja kwamba tangu amwajiri, umeme haujawahi kukatika humo ndani hata mara moja.

Ila Tangi mwenyewe ndiye aliyekuwa anakatika.

Ilianza kwa baridi. Watu wanajipepea kwa magazeti, yeye anaomba blanketi. Kisha mwili ukaanza kumwisha. Hospitali walimpima wakachoka. Damu safi, mapafu safi, moyo hauna neno. Daktari mmoja akamwambia mdogo wangu, "Mumeo haumwi, mama. Mumeo anapungua tu." Mdogo wangu aliirudia kauli hiyo kila nilipofika kwake, kana kwamba mimi fundi umeme ningejua maana yake.

Nilipitia kwao kuchukua kadi ya Tangi ya kufungulia milango ya kazini. Alikuwa amelala chali, blanketi limelala juu yake kama limetandikwa kwenye kitanda kitupu. Nilimshika mkono. Ulikuwa na baridi ya chuma kilicholala nje.

"Shemeji," alininong'oneza. "Usikae sana kule."

"Kwa nini?"

Alifumba macho. Nikadhani amesinzia.

"Panachosha," akasema.

Mdogo wangu alinisindikiza hadi mlangoni, kitenge kimemlegea kiunoni, macho mekundu. "Kaka, simu yako iache wazi," aliniambia. "Naogopa kukaa naye peke yangu na watoto."

Nikamwambia sitakawia.

Nilipofika kule, giza lilikuwa limeshaingia na mtaa mzima ulikuwa umekatiwa umeme. Maduka yaliwasha mishumaa. Kinyozi alikuwa amemtoa mteja wake nje, nusu kichwa kimenyolewa na nusu bado, wanagombana.

Jengo la mashine peke yake lilikuwa linawaka.

Getini alikuwepo mlinzi tuliyezoea kumwita Kipaza, kwa sababu salamu yake husikika mtaa wa pili. Jioni ile aliongea chini.

"Karibu, fundi. Tangi anaendeleaje?"

"Hivyo hivyo. Umeme wa mji umekatika saa ngapi?"

"Muda tu. Tangu mchana."

Nilitega sikio. Jenereta la jengo kama lile likiwaka, unalisikia kwenye meno. Sikusikia kitu.

"Mbona jenereta kimya?"

Kipaza akatazama nyuma ya bega lake. "Hilo? Mimi nina muda hapa, fundi, na sijawahi kulisikia. Tulisema Tangi ni mtaalamu." Akasita. "Tulisema tu."

Niliingia.

Chumba cha mashine kilikuwa kama nilivyowahi kukiona. Taa nyeupe, feni za seva zikivuma kwa pamoja, vitaa vya kijani na bluu vikikonyeza safu hadi safu. Kila kitu kizima. Nikajiambia betri ndizo zilizobeba. Lakini betri za jengo lile zilinunuliwa kubeba mzigo kwa dakika chache tu, jenereta lipate nafasi ya kuwaka. Hazibebi kuanzia mchana. Hesabu ilikataa.

Kisha nikaisikia harufu.

Mayai yaliyooza. Ilikuwa inatoka chini ya mlango wa chumba cha betri, ule wenye kufuli la meneja. Fundi yeyote anaijua harufu hiyo. Betri ikianza kuvuja hewa yake, cheche moja tu inatosha kukupeleka kwa Mola na viatu vyako. Sikuwa na haja ya ruhusa ya mtu. Nilitoa bisibisi, nikafungua skrubu za komeo, kufuli likaning'inia bila kazi.

Nikamulika kwa tochi.

Betri zote zilikuwa zimevimba. Nyingine zimepasuka ubavuni, maji yake yamekauka chini yakawa ukoko mweupe. Lakini si hilo lililonirudisha nyuma hatua moja. Kebo zake zilikuwa zimefunguliwa. Vichwa vyake vya shaba vilikuwa vinaning'inia hewani, na kati ya kebo na kebo buibui alikuwa ametandaza utando ambao haujaguswa siku nyingi mno.

Nilitoka mbio hadi uani kwenye jenereta. Tangi la dizeli, nilipoligonga, lililia tupu. Nikafungua boksi la swichi zake. Paka alikuwa amezalia humo ndani. Akanitazama kama mimi ndiye niliyevamia kwake, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa.

Nilisimama pale uani nikaangalia mlango nilioutokea. Ule mwanga mweupe. Ule mvumo.

Umeme wa mji hakuna. Betri hakuna. Jenereta hakuna.

Sasa hizi seva zinakula nini?

Mtu mwenye akili angeondoka. Nataka nieleweke vizuri, sikurudi ndani kwa ushujaa. Nilirudi kwa sababu neno la Tangi lilikuwa limeanza kunizunguka kichwani. Panachosha. Panachosha. Na ule mkono wake wa baridi.

Kwenye ukuta wa mwisho wa chumba kuna kabati kubwa la kugawia umeme. Kila kabati la seva lina breka yake pale, swichi ya kulikatia umeme, imeandikwa namba. Nilifungua mlango wake, nikatoa mita yangu, ile inayobana waya kama koleo na kukwambia mkondo unaopita bila kuukata. Nikabana kebo nene zinazoingia kutoka nje.

Sifuri.

Nikabana zile za upande wa betri. Sifuri. Nikabana nyaya zinazotoka kwenda kwenye makabati. Huko kote kulikuwa na mzigo, kama kawaida, mzigo mkubwa tu.

Umeme ulikuwa unatoka bila kuingia.

Ndipo nikauona ule waya. Mweusi, mwembamba, saizi ya waya wa taa ya kusomea. Ulikuwa umepenya kutoka chini ya sakafu na kujifunga mahali ambapo kebo kubwa zilitakiwa zifungwe. Mzigo wa chumba kizima ukipita kwenye waya ule, unatakiwa uyeyuke kama mshumaa. Niliusogezea kiganja. Haukuwa na joto. Ulikuwa unavuta joto… kiganja changu kilipoa bila kuugusa.

Nikaubana kwa mita.

Namba zikapanda. Zikashuka. Zikapanda… zikashuka.

Umeme hauendi hivyo. Nimefanya kazi hii tangu ndevu zangu hazijaota na sijawahi kuona mzigo unaokwenda hivyo. Polepole. Unapanda, unatua kidogo juu, unashuka, unakawia chini. Kisha kama kwa taabu, unapanda tena.

"Ssss…"

Nilidhani ni feni.

"Ssss… Usimwamshe."

Nyuma yangu, kati ya safu mbili za makabati, mwanamke alikuwa amepiga magoti. Mtu mzima, amevaa koti la kazi la rangi ya kijivu, miguu peku. Alikuwa ameinama, sikio lake limelazwa kwenye kigae cha sakafu kama mkunga anavyosikiliza tumbo la mjamzito. Na kwa mkono mmoja alikuwa anakipapasa kile kigae. Taratibu. Kama unavyombembeleza mtoto.

Nilikuwa nimeingia kwa kadi. Mlango ulikuwa umejifunga nyuma yangu. Sikuwa nimesikia mtu.

"Mama," nilisema. "Umeingiaje?"

Hakuinua kichwa. "Nilikuwepo."

"Unasikiliza nini?"

"Kijana wangu anachoka mapema," alinong'ona. "Mimi sikuchoka mapema hivi."

Harufu ya udongo mbichi ilikuwa imejaa pale, ndani ya chumba ambacho vumbi huzuiwa kwa milango miwili. Nywele zilinisimama hadi za mikononi. Lakini maneno yake, kijana wangu, yalinichoma mahali. Nikachukua kile kishikio cha mpira kinachonyonya, wanachotumia kunyanyulia vigae vya sakafu kufikia kebo zinazopita chini, nikamsogelea. Alijivuta pembeni bila kusimama. Hakukuwa na sauti ya nguo. Hakukuwa na sauti ya magoti.

Nikanyanyua kigae.

Chini kulikuwa na kebo nyingi zilizopangwa kwa unadhifu, kazi ya mikono ya Tangi, naifahamu. Katikati yake wamechimba shimo kwenye saruji. Shimoni, chungu. Mdomo wake umezibwa kwa nta. Ule waya mweusi ulikuwa unateremka hadi pale, na shaba yake imezungushwa kwenye shati lililovishwa kile chungu kama mtu.

Shati la khaki. Mfuko wake wa kifuani ulishonewa kwa uzi wa bluu, mshono wa mdogo wangu. Ana tabia hiyo tangu utotoni, anashona kwa uzi wowote uliopo karibu, mama alikuwa anamgombeza.

Sikukigusa. Nilimpigia mdogo wangu.

"Kaka?" alipokea haraka. "Nilikuwa nataka kukupigia. Hali si nzuri."

"Weka simu karibu na mdomo wake. Uniambie anavyopumua."

"Anavyopumua? Kaka, kwa ni—"

"Fanya kwanza! Uniambie akivuta, na akitoa."

Nikarudi kwenye mita, simu nimeibana kwa bega.

"Anavuta," alisema mdogo wangu.

Namba zilipanda.

"Anatoa."

Zilishuka.

"Anavuta… anatoa… Kaka, kuna nini? Unalia?"

Sikujua kama nalia.

Mikasi ya kukatia waya ilikuwa tayari mkononi. Nilikuwa nimeshaufungua mdomo wake kwenye ule waya. Yule mwanamke akawa ubavuni kwangu, na sikuona alivyofika.

"Ukikata hivyo," aliniambia sikioni, bila pumzi, "unakata vyote viwili, waya na uhai wake."

Mkono ukanigandia. Sijui alikuwa upande gani, wangu au wao. Lakini aliyoyasema ndiyo ninayofundisha vijana wa kazi kila siku. Hukati waya uliobeba mzigo. Unatua mzigo kwanza. Kidogo kidogo. Ukiurusha wote kwa mpigo, kinachoumia ni kile kilichokuwa kimeubeba.

Nikaweka mikasi mfukoni, nikashika breka ya kwanza.

Tak.

Kabati moja likafa. Vitaa vyake vikazimika, feni zake zikashusha pumzi na kunyamaza.

"Anafanyaje?" niliuliza simuni.

"Kama… kama amevuta vizuri kidogo."

Tak. Kabati la pili. Nikasubiri. Tak. La tatu. Kila nilipozima nilisubiri mdogo wangu aniambie, na kila aliponiambia sauti yake ilikuwa inapanda. "Anavuta vizuri." "Mkono umelegea, kaka." "Amegeuza kichwa!" Na safu kwa safu chumba kilikuwa kinanyamaza. Hujui kelele ilivyokuwa kubwa mpaka ianze kuondoka. Giza la vile vitaa lilikuwa linanifuata nyuma.

Simu ikatetemeka. Meneja. Nikampokea bila kukata ya mdogo wangu.

Nilitegemea matusi. Nilitegemea aniulize kwa nini wateja wake hawapo hewani. Nikamsikia anameza mate.

"Umenyanyua kigae gani?" akauliza.

Nikashika breka inayofuata.

"Fundi. Nisikilize kama mtu mzima. Kirudishe. Washa. Wewe huna habari ni nani tuliyekubaliana naye. Tangi ni mmoja. Humo ndani wanategemea watu wangapi? Hospitali ziko humo. Watoto wa watu wako humo."

"Hospitali zina jenereta, bosi. Wewe, ndani ya lako paka amezalia."

"Atakuja kudai," alisema, na sasa alikuwa ananong'ona kama mtu aliyejifungia chooni. "Akikuta hakuna mtu chini, atadai aliye karibu. Mimi niko karibu, fundi. Mimi nina—"

Nikamkata.

Nikaendelea. Tak. Tak. Mpaka likabaki kabati moja, la kona, la safu ya nyuma kabisa. Nikashusha breka yake.

Halikuzima.

Nikaipandisha, nikaishusha tena kwa nguvu. Breka imelala chini kabisa. Kabati linawaka, tena vitaa vyake vyote vikawa vyekundu, vimeacha kukonyeza, vinatazama.

"Kaka…" Sauti ya mdogo wangu ilibadilika. "Amesimama."

"Amesimama vipi? Ameamka?"

"Kupumua! Amesimama kupumua! Midomo… kaka, midomo yake!"

Nilikimbia. Nyuma ya kila kabati kuna ekstensheni ndefu ya chuma iliyofungwa wima, seva zote za kabati hilo zimechomekwa pale. Nikazunguka nyuma. Mwanamke alikuwa ameshatangulia. Amelikumbatia kabati kwa mikono miwili, shavu kwenye chuma, na kwa mara ya kwanza nikamuona uso. Uso wa mtu wa kawaida. Mama yeyote unayempisha njia asubuhi. Ila hakuwa na rangi, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi sana.

"Hili niachie," alisema. "Moja tu, fundi. Nitakaa wapi mimi?"

"Mama, tafadhali."

"Nilimsaidia kubeba. Alipochoka nilikuwa nashika upande. Muulize. Hili moja tu niachie, kuna giza."

Simuni mdogo wangu alikuwa analiita jina la mumewe, jina la kweli, ambalo sikuwa nimelisikia tangu siku ya harusi yao.

Nikapitisha mikono katikati ya mikono ya yule mwanamke. Baridi ilinipanda hadi kwenye mabega. Nikashika plagi ya juu kabisa, nikavuta. Nikavuta ya pili. Kila plagi ilikuwa inang'ang'ania kama jino. Nilikuwa nasema "nisamehe mama, nisamehe mama," na yeye hakunizuia. Alikuwa anatetemeka tu, kifua chake kwenye kifua changu, na hakuna moyo uliodunda isipokuwa wangu.

Plagi ya mwisho ikatoka.

Giza.

Nimekaa kwenye giza mara nyingi maishani, ndiyo kazi yetu. Lile lilikuwa giza jingine. Na katikati yake nikasikia sauti yake mara ya mwisho, ndogo, imeshangaa.

"Aa… kumbe giza lina joto."

Baridi ikaniachia mabega.

Nilipapasa hadi ukutani, nikawasha tochi. Mita ilisoma sifuri. Nikaukata ule waya. Haukutoa cheche. Ulitoa kitu kama mtu anayeshusha mzigo kichwani.

"Mdogo wangu?" nilisema kwenye simu.

Kimya.

"Mdogo wangu!"

Kikohozi. Kikavu, kirefu, cha mwanaume. Kisha sauti ya Tangi, kwa mbali, nzito, kama zamani.

"Nipe maji. Na hili blanketi mnaniwekea la nini na joto lote hili?"

Nilikaa chini nikacheka mpaka nikashindwa kusimama.

Shati nililivua kwenye chungu nikaondoka nalo. Chungu nilikiacha. Sikukifungua. Kuna jamaa zangu wananiita mwoga kwa hilo, na mimi nawaambia waende wakafungue wao.

Getini Kipaza hakuniuliza kitu. Nilimuuliza mimi, kuhusu mwanamke wa makamo, koti la kijivu, miguu peku.

Alijikunja kama mtu aliyemwagiwa maji. "Kabla ya Tangi alikuwepo mama mmoja wa zamu. Alikuwa anavua viatu mlangoni, asiingize vumbi. Mpole sana. Naye alianza na baridi baridi hivi hivi."

"Akafa?"

"Sijui, fundi. Hatukuitwa msibani." Akafunga geti nyuma yangu, kisha nikamsikia analifungua tena. "Ngoja. Na mimi naondoka."

Meneja hakuonekana tena kazini. Mkewe anasema alitoka kwenda kuangalia gari nje na mlango akauacha wazi. Wapo wanaosema amekimbia wateja. Huenda. Jengo limebomolewa ndani, wamiliki wapya wanataka kulifanya ghala.

Tangi amerudisha mwili, kama si wote basi wa kumtosha. Hazungumzi sana kuhusu mambo yale. Jioni moja tu, tukiwa tumekaa nje kwake, aliniambia ilivyokuwa. Anasema alikuwa anaota yuko mlimani, amejitwika ndoo ya maji, anapanda. Akifika juu anaitua, na kabla hajanyoosha shingo mtu asiyemwona anamtwisha nyingine. Kuna wakati mwanamke mmoja alikuwa anamshikia ukingo wa ndoo. Hakuwahi kumuona uso. Nikataka kumwambia mimi nimeuona. Nikamsogezea chai tu.

Kilichokuwa kinanikereketa ni kingine. Shati lilifikaje pale? Tangi hakuwa mtu wa kuvua nguo kazini. Siku moja nilimkuta mdogo wangu peke yake uani, anaanua nguo, nikamuuliza.

Aliendelea kukunja. Alikunja shuka lile lile mara mbili.

"Meneja alikuja mwenyewe hapa," alisema. "Kwa heshima, kaka, na watoto aliwaletea biskuti. Akasema wanashona sare mpya, anataka nguo moja ya Tangi ya kupimia. Tena iwe iliyovaliwa, haijafuliwa, ndiyo inakaa umbo la mtu. Niliona kama ajabu. Lakini ni bosi wake. Ningesemaje?"

"Hukukosea. Ungejuaje?"

Nilidhani yameisha. Nikainama kumsaidia beseni. Hakunipa. Alikuwa amelishika kwa mikono yote miwili na hanitazami.

"Kaka."

"Nini?"

"Akaniuliza kama nina ndugu mwingine fundi. Akasema wana jengo jingine, wanatafuta mtu mzuri. Wewe wakati ule hukuwa na kazi." Machozi yakaanza kumshuka. "Kuna lile shati ulilolivua hapa siku ile uliponisaidia kupaka rangi sebule. Nilidhani nakutafutia riziki, kaka. Wallahi nilidhani nakutafutia riziki."

"Ukampa?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Jengo gani? Liko wapi?"

"Hakuniambia."

Sijamgombeza. Ningemgombeza kwa lipi? Lakini tangu siku ile naomba kazi kwenye kila jengo la mashine ninalolisikia. Wakubwa wanadhani nina njaa ya kazi, wengine wananisifu kwa bidii. Mchana nafanya wanayonituma. Wakienda kula, nachukua kishikio cha mpira, nanyanyua vigae kimoja kimoja, namulika chini. Nimeshanyanyua vingi. Sijaliona.

Ni shati la kijani, mikono mirefu. Lina matone ya rangi nyeupe kwenye kola.

Kama unafanya kazi humo, ukalikuta mahali, nakuomba kitu kimoja tu. Usilivute. Niite.